Azimio la Watu wa Asili lina nguvu gani mbele ya amri ya kuhama?

Swali: Mimi ni msaidizi wa kisheria katika jamii ndogo inayoishi kwa kutegemea msitu. Tumeambiwa msitu wetu utaingizwa kwenye hifadhi na sisi tutahamishwa. Katika mafunzo tulielezwa kwamba lipo Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 linalokataza watu wa asili kuondolewa kwa nguvu. Wazee wameniuliza kama Azimio hilo linaweza kuizuia serikali, nikakosa jibu. Je, lina nguvu ya sheria? Kama halina, tupeleke wapi malalamiko? Na uhifadhi ukishatajwa, haki zetu zinafutika?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na jibu ambalo unaweza kuwapelekea wazee leo hii. Azimio peke yake haliwezi kuizuia serikali. Hakuna mahakama ya kimataifa ambako mtafungua kesi kwa kudai tu kwamba Azimio limevunjwa. Lakini mambo ya msingi yaliyomo ndani yake, yaani haki ya ardhi, ya utamaduni, ya kutobaguliwa na ya kushirikishwa, yamo pia katika mikataba ambayo serikali nyingi zimeiridhia na inayozifunga kisheria. Kazi yako ni kulisoma Azimio pamoja na mikataba hiyo, na kuchagua mlango sahihi mapema, kabla tingatinga halijafika.

Inafaa wazee wajue pia kwamba Azimio hilo halikutolewa kama hisani. Mwaka 1923 Deskaheh, chifu wa Wakayuga aliyekuwa msemaji wa mataifa ya Haudenosaunee, muungano wa watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini, alisafiri hadi Geneva kwa pasipoti ya watu wake mwenyewe, akitaka Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, lisikie mgogoro wao na Kanada. Alikaa huko zaidi ya mwaka mmoja na hakupewa nafasi ya kusema ndani ya Shirikisho. Akafariki mwaka 1925. Ilichukua zaidi ya nusu karne, hadi mwaka 1982, kwa Umoja wa Mataifa kuunda kikundi kazi ambacho wawakilishi wa watu wa asili waliweza kuingia na kuzungumza wenyewe. Mwaka 1989 Moringe ole Parkipuny, Mmaasai aliyekuwa mbunge nchini Tanzania, alisimama mbele ya kikundi hicho na kueleza kwamba wafugaji na wawindaji wa Afrika nao wana madai ya aina hiyohiyo. Rasimu ya Azimio ilikamilishwa na kikundi hicho mwaka 1993, kisha ikavutwa huku na huko kwa miaka mingine zaidi ya kumi.

Kura ilipopigwa kwenye Baraza Kuu tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 ziliunga mkono, 11 hazikupiga upande wowote, na nne zilikataa: Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Kati ya 2009 na 2010 zote nne zilibadili msimamo. Nayataja haya kwa sababu maalumu. Serikali yoyote ikikwambia leo kwamba Azimio ni maoni ya wanaharakati, hata zile zilizolipinga hadharani zilishalikubali.

Kwa upande wa Afrika kulikuwa na kikwazo kingine. Serikali nyingi zilisema Waafrika wote ni wa asili, kwa hiyo hakuna kundi linalostahili kulindwa peke yake. Mwishoni mwa 2006 nchi za Afrika zilifanikiwa kuahirisha kura kwa hoja kama hizo, pamoja na hofu ya mipaka ya nchi kuvunjika. Mei 2007 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya kisheria kuzijibu hoja hizo. Kwa mtazamo wa Tume, kinachoangaliwa ni hali ya jamii yenyewe. Je, maisha yake yamefungamana na ardhi fulani? Ina utamaduni wake mahususi? Imesukumwa pembeni na mfumo wa utawala na uchumi? Yenyewe inajitambua hivyo? Nani alifika kwanza barani si kipimo. Hofu ya mipaka nayo ilijibiwa ndani ya Azimio: Kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba hakuna kinachoruhusu kuvunja umoja wa nchi. Mkiulizwa swali hili, nanyi mtaulizwa, jibuni kwa maelezo ya maisha yenu. Msiingie kwenye mabishano ya nani alizaliwa wapi kabla ya nani.

Sasa tuje kwenye nguvu ya sheria.

Mkataba pekee wa kimataifa ulio wazi kwa kuridhiwa leo ambao unahusu watu wa asili moja kwa moja na unaofunga nchi ni Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1989. Ni mkataba mzuri, lakini umeridhiwa na nchi zisizozidi ishirini na kitu, nyingi zikiwa za Amerika ya Kusini na ya Kati. Barani Afrika ni Jamhuri ya Afrika ya Kati iliyouridhia, mwaka 2010. Ikiwa nchi yenu haimo, usipoteze muda mwingi kwenye mkataba huo.

Tegemea zaidi mikataba ya jumla. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinalinda utamaduni wa jamii za wachache, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia mkataba huo, imekitafsiri kwa miaka mingi kuwa kinagusa pia njia za kujipatia riziki, kama uvuvi, uwindaji na ufugaji. Mwaka 1981, katika malalamiko ya Sandra Lovelace dhidi ya Kanada, Kamati ilikuta kwamba sheria iliyomnyima mwanamke wa jamii ya Maliseet haki ya kuishi kwenye ardhi ya watu wake, eti kwa sababu aliolewa na mtu wa nje, imevunja kifungu hicho. Mwaka 1985 Kanada ikabadili sheria. Mkataba wa kutokomeza ubaguzi wa rangi nao una kamati yake, ambayo mwaka 1997 ilizitaka nchi kurudisha ardhi zilizochukuliwa bila ridhaa. Kwa nchi za Afrika, upo Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao kwa maoni yangu ndio wenye nguvu kuliko yote kwa jamii kama yenu, kwa sababu unatambua haki za watu kama kundi: utajiri wa asili, maendeleo, utamaduni.

Mahakama za ndani nazo zimeanza kulitumia Azimio kama ushahidi wa namna mikataba na katiba zinavyopaswa kusomwa. Mahakama Kuu ya Belize ilifanya hivyo Oktoba 2007, wiki tano tu baada ya kura ya New York, ilipotambua haki ya vijiji vya Wamaya juu ya ardhi yao ya jadi. Nchini Botswana, Mahakama ya Rufani mwaka 2011 iliwaruhusu Wasan wa Hifadhi ya Kalahari ya Kati kufungua tena kisima chao cha Mothomelo, ambacho serikali ilikuwa imekifunga. Miongoni mwa mambo ambayo majaji waliyazingatia ni tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka uliotangulia kwamba maji ni haki ya binadamu. Watu waliokuwa wakinywa maji ya matikitimwitu na mizizi walipata maji kutokana na hati ambayo nayo, kwa maandishi yake, haikuwa na nguvu ya sheria. Jamhuri ya Kongo ilikwenda mbali zaidi mwaka 2011 kwa kutunga sheria mahususi ya kulinda haki za watu wa asili.

Kuhusu mahali pa kupeleka malalamiko, kosa ninaloliona mara nyingi ni jamii kukimbilia mahakama kubwa kwanza. Mlango wa haraka kuliko yote ni barua kwa Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili. Wadhifa huo ulianzishwa mwaka 2001. Hamhitaji wakili, na hamlazimiki kwanza kumaliza kesi za nyumbani. Akiridhika na taarifa zenu, ataiandikia serikali kuitaka maelezo, na baada ya siku 60 barua yake huwekwa hadharani pamoja na jibu la serikali kama lipo. Haina nguvu ya amri. Lakini serikali inalazimika kusema kitu kwa maandishi, na maandishi hayo yatawafaa baadaye kama ushahidi. Kamati ya kutokomeza ubaguzi wa rangi nayo ina utaratibu wa tahadhari ya mapema kwa hali za dharura, na huko pia hamdaiwi kumaliza kesi za ndani kwanza.

Jukwaa la Kudumu la Masuala ya Watu wa Asili, linalokutana New York kila mwaka tangu 2002, ni mahali pa kusikika na kukutana na wengine wenye kesi kama yenu. Halipokei malalamiko ili kuyaamua. Upo mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka 1985, unaolipia nauli za wawakilishi wa jamii za asili kwenda kwenye mikutano ya namna hii. Ombeni. Lakini msimtume mtu akahutubie dakika tatu huko wakati hapa nyumbani hakuna aliyewasilisha pingamizi la tangazo la hifadhi ndani ya muda uliowekwa.

Tume ya Afrika, na kwa bara la Amerika Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, hupokea malalamiko rasmi. Huku mnapaswa kuonyesha kwamba mmejaribu mahakama za ndani, au kwamba kesi za ndani zimecheleweshwa kupita kiasi. Kwa hiyo kila barua mliyoandika kwa mkuu wa wilaya, kila kesi iliyoahirishwa, kila siku mliyofika mahakamani mkaambiwa hakimu hayupo, iandikeni na kutunza risiti yake. Kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, mtu binafsi au shirika haliendi moja kwa moja isipokuwa nchi husika imetoa tamko la kuruhusu hivyo. Nchi zenye tamko hilo ni chache, na Rwanda, Tanzania, Benin na Côte d'Ivoire zilijitoa kati ya 2016 na 2020. Njia iliyobaki ni kupitia Tume, ambayo inaweza kuipeleka kesi Mahakamani. Ndivyo Waogiek wa Kenya walivyofika huko.

Kesi yao nataka uielewe kwa undani, maana inafanana sana na yenu.

Oktoba 2009 Waogiek wa msitu wa Mau walipewa na Huduma ya Misitu ya Kenya notisi ya siku 30 ya kuondoka. Msitu, waliambiwa, ni chanzo cha maji kinachopaswa kuhifadhiwa. Walikwenda Tume ya Afrika, nayo ikaipeleka kesi Mahakamani mwaka 2012. Machi 2013 Mahakama ilitoa amri ya muda kuizuia serikali isibadili hali iliyopo wakati kesi inaendelea, na hukumu ikatoka tarehe 26 Mei 2017. Mahakama ilisema Waogiek ni watu wa asili na kwamba Kenya imevunja haki zao kadhaa, zikiwemo za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Katika kufikia hapo ilinukuu vifungu vya Azimio la 2007, ingawa Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 11 zilizojizuia kupiga kura.

Kwenye hoja ya uhifadhi, serikali haikuwa na ushahidi kwamba ni Waogiek walioharibu msitu. Taarifa zilizoandaliwa na serikali yenyewe au kwa kushirikiana nayo zilionyesha kuwa chanzo kikubwa cha uharibifu kilikuwa ni watu wengine kuvamia, serikali kumega msitu kwa ajili ya makazi, na vibali vya kukata mbao vilivyotolewa bila busara. Mahakama ikasema kuhifadhi mazingira ya Mau hakuwezi kuwa sababu halali ya kuwaondoa. Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu. Uhifadhi ni lengo halali, lakini anayelitaja ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba kuwepo kwenu kunaharibu na kwamba kuwaondoa ni lazima. Kwa hiyo kusanyeni mapema kile kinachoonyesha nani hasa anakata msitu: tarehe za malori ya mbao, nakala za vibali, picha za visiki, na ramani ya maeneo mnayotundika mizinga ya nyuki ambako miti bado imesimama.

Kisha ikaja sehemu ngumu. Juni 2022 Mahakama iliamuru Waogiek walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, wapimiwe ardhi yao na kupewa hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya amri hiyo, nyumba za Waogiek wa Sasimwani, kaunti ya Narok, zilibomolewa na familia zikaondolewa kutoka msitu uleule wa Mau.

Waendorois, majirani zao wa Ziwa Bogoria, walionja hali hiyo kabla yao. Waliondolewa kandokando ya ziwa katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Walipoteza makaburi, mahali pa matambiko, na ardhi yenye chumvi ambayo mifugo yao iliilamba kupata afya. Uamuzi wa Tume uliotangazwa mwaka 2010 uliwapa ushindi, na ulikuwa wa kwanza kukuta kwamba haki ya maendeleo chini ya Mkataba wa Afrika imevunjwa. Mwaka uliofuata ziwa hilo likaorodheshwa kama Urithi wa Dunia bila wao kushirikishwa ipasavyo, hadi Tume ya Afrika ikalazimika kutoa azimio la kulalamika. Ardhi yenyewe hawajarudishiwa mpaka sasa.

Usidhani hili ni tatizo la nchi maskini peke yake. Norway ilikuwa ya kwanza duniani kuuridhia Mkataba namba 169, mwaka 1990. Oktoba 2021 Mahakama yake ya Juu iliamua kwamba vibali vya mitambo ya upepo ya Fosen, mitambo 151, vimevunja haki ya Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, wafugaji wa kulungu, kwa mujibu wa Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Mitambo iliendelea kuzunguka. Vijana wa Kisami walikaa ndani ya wizara mapema 2023 kudai hukumu itekelezwe, na kilichopatikana hatimaye, kati ya Desemba 2023 na Machi 2024, ni makubaliano ya fidia na mipango mingine. Mitambo imebaki mahali pake.

Sikuambii haya ili mkate tamaa. Nakwambia ili mipango yenu isiishie kwenye hukumu. Jamii ya Awas Tingni ya Nikaragua ilishinda katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika Agosti 2001, katika uamuzi uliotambua kwa mara ya kwanza kwamba haki ya mali inajumuisha umiliki wa pamoja wa kimila. Hatimiliki waliipata Desemba 2008. Miaka hiyo saba haikuwa ya kungoja. Walifuatilia ofisi moja baada ya nyingine, wakaripoti Mahakamani kila ahadi ilipovunjwa, wakaendelea kupima mipaka. Jamii inayoshinda kesi na kuwaachia mawakili faili hubaki na karatasi. Tangu sasa teueni kamati ya kufuatilia utekelezaji, yenye wanawake na vijana ndani yake, kwa kuwa wapo watakaozeeka au kufariki kabla shauri halijaisha.

Kuna njia nyingine ambayo mara nyingi huwahi kuliko mahakama, nayo ni fedha. Mradi wa hifadhi huwa na mfadhili. Benki ya Dunia ina sera ya kulinda watu wa asili katika miradi yake, na tangu 1993 ina Jopo la Ukaguzi linalopokea malalamiko ya watu walioathirika. Chini ya masharti yake ya sasa, yaliyoanza kutumika 2018, mradi unaotaka kuhamisha watu wa asili unahitaji ridhaa yao. Januari 2018 Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wake wa euro milioni 31 kwa mradi wa vyanzo vya maji nchini Kenya, baada ya mtu wa jamii ya Wasengwer kupigwa risasi na kuuawa katika msitu wa Embobut wakati wa operesheni ya kuwaondoa. Inauma kwamba ilibidi damu imwagike kwanza. Ndiyo maana nakusihi mtafute sasa hivi nani anafadhili hifadhi yenu. Ombeni hati ya mradi. Mara nyingi ndani yake pameandikwa kwamba hakuna watu wa asili watakaoathirika, na sentensi hiyo moja ikikanushwa kwa ushahidi inaweza kuchelewesha fedha zote.

Neno kuhusu ridhaa. Kifungu cha 10 cha Azimio kinasema hakuna kuhamishwa bila ridhaa iliyo huru, ya mapema na yenye taarifa kamili, na baada ya makubaliano ya fidia ya haki, na inapowezekana nafasi ya kurudi. Mtaitwa kwenye mkutano, mtapewa soda na karatasi ya mahudhurio ya kusaini. Karatasi hiyo inaweza kuja kuonyeshwa kama ridhaa yenu. Andikeni juu ya sahihi zenu, kwa kalamu, kwamba mmehudhuria tu na hamjakubali lolote, kisha pigeni picha ukurasa huo. Watu wa Sarayaku, Wakichwa wa Ekuado, waliona mbinu mbaya zaidi. Kampuni ya mafuta ilijaribu kupata sahihi za mtu mmojammoja na kugawa misaada ili kuwagawa watu, kisha ikazika takribani kilo 1,400 za baruti katika ardhi yao. Majaji wa Mahakama ya nchi za Amerika walikwenda hadi msituni kwao mwaka 2012, mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kutembelea eneo la kesi, na Juni mwaka huo waliamua kwamba serikali yenyewe ndiyo yenye wajibu wa kushauriana, tena na wale ambao jamii imewachagua kwa desturi zake. Wajibu huo hauwezi kuachiwa kampuni. Kwa hiyo kubalianeni mapema, kwa maandishi, ni nani anayeweza kusema kwa niaba ya jamii na maamuzi hupitishwa vipi. Jamii yenye wasemaji watatu wanaopingana hushindwa kabla ya kufika popote.

Hoja ya hifadhi itaongezeka nguvu katika miaka ijayo, kwa sababu Desemba 2022 nchi zilikubaliana huko Montreal kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Serikali yenu huenda ikalitaja lengo hilo. Lisomeni lote. Lengo hilohilo, ambalo ni la tatu katika makubaliano yale, linasema utekelezaji wake utambue na kuheshimu haki za watu wa asili na jamii za wenyeji, pamoja na haki juu ya maeneo yao ya jadi. Anayetumia sehemu ya kwanza ya sentensi kuwahamisha, mumsomee sehemu ya pili, na muiweke kwenye pingamizi lenu.

Kwa wiki hizi za mwanzo, kwa mpangilio huu: wasilisheni pingamizi la maandishi dhidi ya tangazo la hifadhi kabla muda wake haujapita, na mpate mhuri wa kupokelewa. Ombeni mahakama ya ndani amri ya kuzuia kuhamishwa, hata kama mnaona haitatolewa, kwa sababu bila hatua hiyo Tume itawarudisha. Siku hiyohiyo mwandikieni Mtaalamu Maalumu: kurasa tatu au nne zinatosha, zikieleza ninyi ni nani, mko wapi kwa ramani, notisi inasema nini na kuanzia tarehe gani, nani aliyeitoa, nini kitapotea, na kama mnataka majina yenu yafichwe. Ambatisheni notisi yenyewe. Wakati majibu yanasubiriwa, rekodini wazee wakitaja majina ya mito, makaburi na maeneo ya mizinga, mkiwa mmesimama mahali penyewe na tarehe ikisikika kwenye sauti. Nakala moja ibaki kijijini na nyingine itunzwe mbali na hapo. Kazi hiyo ya kurekodi msiiweke nyuma ya nyingine yoyote, kwa sababu wazee ndio mashahidi wenu wakuu, na kesi za aina hii huchukua miaka.